Mwongozo kamili: jinsi ya kusoma chuma cha zamani na mipaka ya parokia Uingereza, tukianzia Ironbridge

Kuna siku nilikuwa napita barabara ya kijijini huku ninakoishi, mvua ndo imekatika, nikaona kitu cheusi kimejibanza ndani ya wigo wa miti nikadhani ni kipande cha bomba. Nikainama. Kumbe ni nguzo ya chuma, imekunjwa kama kitabu kilichofunguliwa nusu, ukurasa mmoja una jina la kijiji ninachotoka na ukurasa wa pili jina la kijiji ninachokwenda, urefu wake haupiti goti. Nilikuwa nimepita pale miaka miwili na sijawahi kuiona hata mara moja. Tangu siku hiyo natembea macho chini, na kwa vile watu kadhaa wameniuliza naanzia wapi nikitafuta hivi vitu, nimeona niandike yote hapa kwa mpangilio, kwa mlioko huku na pia mlioko nyumbani mnaopenda historia ya viwanda, maana ufundi wa kusoma chuma ni uleule popote ulipo.

Kwanza ujue parokia yenyewe ni kitu gani

Usiruke hapa hata kama unataka kwenda barabarani haraka. Kwetu ukisema parokia mtu anawaza kanisa, padri, jumuiya, mavuno, basi. Walioishi Uganda wako karibu zaidi na maana ya huku, maana kule parish ni ngazi ya utawala juu ya kijiji. Parokia ya Kiingereza ya zamani ilikuwa vyote viwili. Sheria ya 1555 ilizibebesha parokia kazi ya kutengeneza barabara zake zenyewe, sheria ya 1601 ikazibebesha kulisha maskini wake kwa kodi ya wakazi, halafu 1662 ikaja sheria ya kusema maskini huyu ni wa parokia ipi, akiwa sio wako unamrudisha alikotoka. Ongeza fungu la kumi la mazao lililokwenda kwa kanisa. Kwa hiyo mpaka ukisogea hatua ishirini, mjane mmoja na watoto wake wanne wamehama kutoka kwenye mfuko wenu kwenda mfuko wa jirani, au shimo lile la barabarani limekuwa la kwenu kulifukia. Mpaka ulikuwa pesa. Ndo maana watu waligombana, wakaandika, na baadaye wakatumia chuma.

Kabla ya chuma walitumia miguu. Kila mwaka, siku zile za kuelekea sikukuu ya Kupaa Bwana, kasisi na wazee wa kanisa na vijana walizunguka mpaka mzima, wakifika kwenye jiwe au mti wa alama wanalipiga kwa fimbo, na mara nyingine mtoto wa kiume ndo alichapwa au kubamizwa kwenye jiwe ili akiwa mzee wa miaka sabini akumbuke pale pale. Kuna parokia zinafanya mzunguko huo hadi leo, ya St Mary the Virgin mjini Oxford ni mojawapo, ila siku hizi linachapwa jiwe. Mchaga akisoma hapa ataelewa upesi, sisi tuna masale, ile mimea ya alama, kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na mzee anayejua yalipandwa na nani.

Kitu kingine kitakachokuchanganya ni kwamba parokia ziligawanyika. Kuanzia 1866 sheria ikatambua parokia za kiraia, zinazotoza kodi, na 1894 zikapewa mabaraza yake, na toka hapo mstari wa kanisa na mstari wa serikali vinaweza kwenda njia mbili tofauti. Mtu akikwambia huu ni mpaka wa parokia, muulize ya kanisa au ya kiraia, na ya mwaka gani.

Kwa nini Ironbridge

Nimechagua bonde la Ironbridge, mkoa wa Shropshire, kwa sababu pale ndo chuma chenyewe kilishuka bei. Mwaka 1709 kwenye kijiji cha Coalbrookdale, Abraham Darby wa kwanza, mtu wa dhehebu la Quaker (hao hao Marafiki ambao wenzetu wa Kaimosi wanawajua toka 1902), alifanikiwa kuyeyusha madini ya chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza kuondoa uchafu, badala ya mkaa wa miti. Mkaa wa miti unamaliza misitu, hilo hakuna Mtanzania wa kufundishwa. Makaa ya mawe yalikuwepo chini ya miguu yao. Kwa hiyo chuma cha kumimina kwenye kalibu kikawa kitu cha kawaida: masufuria kwanza, halafu mitungi ya injini za mvuke, halafu daraja, halafu makaburi, na mwishowe hata kinguzo cha kusema hapa parokia yetu imeishia. Bila Coalbrookdale ile nguzo yangu ya gotini pengine ingekuwa jiwe.

Hatua ya 1: kaa na ramani kabla hujavaa viatu

Hii hatua ndo inachukua muda na ndo yenye faida kuliko zote. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni bure ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa huku, za Uingereza pia sio Scotland tu. Unachotaka ni zile kubwa za inchi 25 kwa maili, yaani 1:2500, na ukikosa chukua za inchi 6. Kuna sehemu unaweza kuweka ramani ya zamani upande mmoja na picha ya setelaiti upande wa pili, ukisogeza moja na nyingine inasogea. Kaa hapo usiku mzima kama mimi.

Fuata mstari wa nukta za mpaka, na kando yake utaona herufi ndogo sana. Hizo ndo dhahabu. B.S. ni jiwe la mpaka, B.P. ni nguzo ya mpaka, na hiyo ya pili mara nyingi ndo chuma chako. C.R. maana yake mpaka unapita katikati ya barabara, C.S. katikati ya kijito, R.H. kwenye mashina ya wigo wa miti, na ukiona 4 ft. R.H. basi mpaka uko futi nne kutoka kwenye mashina, sio kwenye wigo wenyewe. Und. ni kwamba hata wapimaji walishindwa kupata alama. Hizi herufi hazikutoka kichwani mwa seveya. Sheria ya 1841 iliruhusu Ordnance Survey kuita wazee wa kila parokia wateuliwe, wa pande zote mbili, watembee na wapimaji na kuonyesha mpaka, na walipokubaliana ndo ikaandikwa. Yaani ni ushahidi wa wazee wenye mguu pale pale, na vitabu vya kumbukumbu za kazi hiyo vipo kwenye Nyaraka za Taifa kule Kew.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi tafuta ramani za fungu la kumi, zilizochorwa baada ya sheria ya 1836 iliyogeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya pesa. Kila shamba lina namba, na daftari lake linaeleza mmiliki, mpangaji na jina la shamba. Majina ya mashamba yenyewe yanasema, ukikuta shamba linaitwa Mere Field au Mear ujue neno mere la zamani lilimaanisha mpaka.

Chora orodha yako: kila B.P. na B.S. iliyopo kwenye kipande cha kilomita tano, na kila mahali mpaka unakata barabara au unapinda kona. Alama ziliwekwa hapo. Katikati ya shamba hakuna aliyepoteza chuma chake.

Hatua ya 2: jifunze kutofautisha chuma na chuma

Kuna chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga, na kuna chuma cha kufua, kilichopigwa na mhunzi kwa nyundo kikiwa chekundu. Cha kusubu ni kizito, kigumu, hakipindi, kikizidiwa kinakatika kama biskuti na ndani ya mpasuko unaona chembechembe za kijivu. Kwenye ukingo wake pitisha kidole taratibu utasikia mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Cha kufua kinapinda, kikioza kinachanika nyuzi nyuzi kama mti mkavu, ndo maana mageti yenye mikunjo mizuri ya vikonyo na majani ni ya kufua. Herufi zilizoinuka juu ya uso karibu kila mara ni za kusubu.

Beba sumaku ndogo, ile ya kubandika friji inatosha. Nguzo nyingi zilizoibiwa au kugongwa na magari zimerudishwa kwa nakala za alumini zilizopakwa rangi vizuri kabisa, kwa macho huwezi kujua. Sumaku isiponasa, hiyo ni nakala, andika nakala.

Hatua ya 3: kutembea

Nenda kati ya Desemba na Machi. Kiangazi miiba na majani yanayowasha yanafunika kila kitu na utapita sentimita thelathini kutoka kwenye nguzo usiione, niamini. Vaa buti, glavu ngumu, na kizibao cha kuakisi mwanga maana mara nyingi unasimama ukingoni mwa barabara isiyo na njia ya miguu na madereva wa vijijini huku wanakimbia. Ndani ya begi weka tochi, brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, futi ya kupimia, daftari, penseli (peni inakufa kwenye mvua) na betri ya akiba ya simu.

Ukifika kwenye alama ya ramani usianze kufukunyua. Simama, angalia ardhi. Barabara inabadilika lami? Wigo wa miti unaruka upande? Kuna mtaro unaoanza ghafla? Mipaka ya zamani ilipenda vijito, matuta na mitaro. Halafu tafuta chini ya wigo, mita kumi kila upande, pande zote mbili za barabara.

Na hapa naomba nieleze kosa langu ili wewe usilirudie. Ile nguzo yangu ya kwanza, wiki iliyofuata niliirudia na brashi ya waya, nikaisugua nipate kusoma mwaka. Mwaka niliupata, ila niliondoa rangi ya zamani iliyokuwa imebaki kwenye herufi tatu, nyeupe chini na nyeusi juu, na rangi ile yenyewe ilikuwa historia, ingeweza kusema ilipakwa mara ngapi. Haitarudi. Sasa natumia brashi laini kuondoa ukoga na udongo tu, na kilichobaki nauachia mwanga.

Mwanga wenyewe unaupata hivi: subiri jioni au funika kwa koti, washa tochi na uiegemeze karibu kabisa na uso wa chuma, ubavuni, mwanga upite kama upepo juu ya maji. Herufi zilizolika zinatupa vivuli. Zungusha tochi pole pole kutoka kushoto, juu, kulia, piga picha kila upande. Mstari ambao mchana ulikuwa kutu tupu utakuja wenyewe. Mara ya kwanza nilipoona tarakimu ya nane inajitokeza kutoka pale pasipokuwa na kitu nilikaa kimya kabisa pale kwenye majani.

Hatua ya 4: kusoma maandishi

Nguzo ya umbo la V au pembetatu inasomwa kwa uso wake. Jina liko upande unaotazama parokia yake au upande anaotokea msafiri, inategemea mkoa, ndo maana unapiga picha na dira ya simu ikionekana. Yorkshire, eneo la West Riding, zimejaa nguzo za pembetatu za mwishoni mwa karne ya 19 zenye jina la kitongoji kila upande na umbali wa miji, na pembeni wametia jina la watengenezaji, Brayshaw & Booth wa Liversedge. Jina la kiwanda lisikupite. Angalia chini kabisa, mgongoni, na kwenye kitako kilichozama udongoni kama kimefunuka chenyewe.

Mjini ni vibao vidogo ukutani na nguzo fupi za kuzuia magari. London ya katikati, inua macho kwenye kuta za majengo ya zamani utaona herufi kama S M F, hiyo ni St Martin in the Fields, na mara nyingi vibao viwili vya parokia mbili vimebanana upande kwa upande. Southwark, London hiyo hiyo, kuelekea Bankside, kuna nguzo fupi za chuma zimeandikwa Wardens of S. Saviours 1827, hao ni wazee wa parokia ya St Saviour's, na nyingine zimeandikwa Clink 1812. Clink haikuwa parokia, ilikuwa eneo lenye mamlaka yake lililojitenga na jiji, kwa hiyo hapo una aina mbili za mipaka ndani ya mitaa michache. Zipo katikati ya watu wanaokula chakula cha mchana na hakuna anayezisoma.

Sasa vitu vya kukudanganya. Kibao kilichowekwa juu sana kwenye ukuta chenye jua lenye uso wa mtu ni cha kampuni ya bima ya moto, Sun Fire Office, iliyoanza 1710, kiliwekwa juu kwa makusudi kionekane, na vya zamani ni vya risasi sio chuma. W.D. pamoja na alama ya mshale mpana ni ardhi ya jeshi. G.W.R. ni kampuni ya reli kuweka mpaka wa kiwanja chake. FH na H zenye namba ni za mabomba ya zimamoto. Na ukikuta umbo dogo la almasi limebanwa kwenye chuma lenye herufi kwenye pembe zake, hiyo ni alama ya usajili wa mchoro iliyotumika 1842 hadi 1883, inakupa tarehe mchoro uliposajiliwa. Chuma chenyewe kinaweza kuwa kilimiminwa miaka mingi baadaye kwa mchoro uleule.

Hatua ya 5: siku nzima Ironbridge

Anzia Coalbrookdale kwenye tanuri la zamani, liko ndani ya jengo la kioo karibu na jumba la makumbusho ya chuma. Kama umewahi kuona malungu ya Wafipa kule Rukwa, yale matanuri marefu ya udongo, utalielewa kwa haraka: hewa inaingia chini, madini na makaa yanaingia juu, chuma kinatoka chini. Tazama mihimili ya chuma juu ya mdomo wa tanuri, imeandikwa miaka, na mmoja una 1777 na jina la Abraham Darby wa tatu, mjukuu, aliyelipanua tanuri miaka miwili kabla ya daraja.

Teremka hadi mtoni. Daraja la chuma juu ya Mto Severn lilisimamishwa 1779 na kufunguliwa siku ya mwaka mpya 1781, upana wa tao ni mita 30 na kidogo, uzito kama tani 378, vipande karibu 1,700. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa Thomas Farnolls Pritchard, msanifu wa Shrewsbury, aliyefariki 1777 bila kuliona. Usivuke kwanza. Shuka chini ukae kando ya nguzo za kitako uangalie viungo. Hakuna aliyekuwa amejenga daraja kubwa hivi la chuma cha kusubu, kwa hiyo walichukua wanachokijua, useremala: ndimi zimeingia kwenye matundu, viungo vya mkia wa njiwa, vilivyopanuka mwishoni, vimebana, kabari zimegongwa. Ni daraja la mbao lililojengwa kwa chuma. Mimi hapo nakaa nusu saa kila nikienda, natafuta kabari. Juu kwenye matao ya nje utasoma maandishi ya kusubu yanayosema limemiminwa Coalbrook-Dale na kusimamishwa mwaka MDCCLXXIX.

Sasa mpaka. Daraja linatoka Benthall kusini kwenda Madeley kaskazini, na mto katikati ndo uliokuwa mpaka wa parokia hizo. Yaani ukisimama katikati ya tao uko juu ya mstari. Kabla ya 1781 watu walivuka kwa mashua, na ukivuka umebadilisha kasisi, fungu la kumi na mfuko wa maskini. Mji wa Ironbridge haukuwepo, ulizaliwa na daraja ndani ya ardhi ya Madeley, na leo uko kwenye parokia ya kiraia inayoitwa The Gorge, jina ambalo Abraham Darby asingelitambua. Huo ndo mfano wangu wa kila siku wa kwa nini nauliza parokia ya mwaka gani.

Upande wa kusini kuna nyumba ya ushuru na ubao wa bei. Ulivuka kwa kulipa hadi 1950, na ubao unasema wazi kwamba hata mwanajeshi aliye kazini na familia ya kifalme watalipa. Magari yalizuiwa 1934. Mafuriko ya Februari 1795 yalivunja au kuharibu madaraja ya Severn, hili likabaki zima kwa sababu maji yalipita katikati ya chuma badala ya kugonga ukuta wa mawe. Adui yake ni ardhi, kingo zinatelezea mtoni zikilibana, na miaka ya 1970 ilibidi kujenga zege chini ya kitanda cha mto kuzizuia. Rangi nyekundu iliyoiva unayoiona leo ilirudishwa 2018 baada ya wataalamu kukwangua tabaka za rangi wakafika kwenye ile ya mwanzo. Unaona sasa kwa nini bado nasikitikia zile herufi tatu.

Hatua ya 6: makaburi ya chuma

Panda hadi Madeley kwenye kanisa la St Michael, jengo la pembe nane alilosanifu Thomas Telford miaka ya 1790. Uani kuna makaburi ya chuma cha kusubu, masanduku mazima ya mabamba yenye maandishi yaliyoinuka, ya mafundi na wenye viwanda. Kasisi John Fletcher, Mswisi wa Nyon aliyefariki 1785, naye kaburi lake ni la chuma. Watu walikula kwa chuma na wakazikwa chini ya chuma. John Wilkinson, bwana wa viwanda aliyeishi Broseley ng'ambo ya mto na aliyeingiza boti ya chuma majini 1787, alizikwa kwenye jeneza la chuma 1808, na mnara wake wa chuma uko Lindale, Cumbria.

Kama uko kusini, nenda Wadhurst, Sussex. Kanisani sakafu ina mabamba ya kaburi ya chuma kama 30, mengi ya karne ya 17 na 18, kutoka enzi za mkaa wa miti kabla ya Darby kubadilisha mambo. Walitandaza mchanga, wakakandamiza ubao kupata umbo, halafu kila herufi kivyake, kisha chuma kikamiminwa wazi. Ndo maana mistari inapanda na kushuka, na mara nyingine N imegeuka, fundi aliibana kinyume. Soma na tochi ya ubavuni vile vile, viatu visafi, na muombe ruhusa aliyepo.

Kunakili kwa kusugua karatasi uliza kwanza. Kurekebisha kitu kwenye uwanja wa kanisa la Anglikana kunahitaji kibali cha dayosisi, hata kupaka rangi.

Hatua ya 7: kuandika na kutoa taarifa

Siku hiyo hiyo ukirudi, kabla ya kuoga, andika: namba ya gridi ya Ordnance Survey, upande wa barabara, kimo, upana, maandishi herufi kwa herufi na mistari kama ilivyo, nyuso zinaelekea wapi, jina la kiwanda, hali ya kutu na mpasuko, sumaku imenasa au la. Picha za kila uso, moja ya mbali kuonyesha mazingira, moja yenye futi.

Halafu angalia orodha ya taifa ya Historic England, shirika la urithi wa kihistoria, kama imeorodheshwa, alama nyingi za mipaka zipo kwenye ngazi ya ulinzi inayoitwa daraja la II. Kisha tuma kwa ofisi ya kumbukumbu za mazingira ya kihistoria ya mkoa husika, kila mkoa unayo, na kwa Milestone Society, chama cha wapenzi wa mawe ya maili kilichoanza 2001 ambacho kinakusanya pia nguzo za mipaka. Wanapokea taarifa za mtu yeyote. Ukikuta iliyokuwepo mwaka jana imeondoka, ripoti polisi na halmashauri haraka, vyuma chakavu vina soko huku kama ilivyo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwetu, ingawa toka 2013 sheria inataka wafanyabiashara wawe na leseni na wasilipe pesa taslimu. Kwenye eneo la kale linalolindwa kisheria usithubutu kupitisha kifaa cha kutafuta vyuma bila kibali, ni kosa la jinai. Na usichimbe kitako, popote.

Kwa mlioko nyumbani

Chukua tochi hiyo hiyo. Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896 ikafika ziwani 1901, na reli huwa zinapigwa jina la kiwanda na mwaka kwenye ubavu wake, herufi zimeinuka kila baada ya mita kadhaa. Zilizong'olewa ziligeuzwa nguzo za uzio, mihimili ya maduka na vizuizi vya mageti. Kagua zilizo karibu nawe, soma ubavu, piga picha. Ukienda Unguja, Beit al-Ajaib ya 1883 ilisimama kwa nguzo za chuma cha kusubu, na toka sehemu yake ilipoanguka Desemba 2020 kila picha ya zamani ya nguzo zile uliyonayo kwenye albamu ya familia ni kumbukumbu ya maana, itunze na uiskani.

Ushahidi ukipingana

Mwisho, jambo ambalo watu hukosea zaidi. Chuma kinahamishwa. Barabara ikipanuliwa fundi anang'oa nguzo na kuisimika pale panapomfaa. Kwa hiyo nalinganisha chuma, ramani na ardhi, na vikitofautiana naandika vyote vitatu vilivyo, siamui kwa niaba ya msomaji wa miaka hamsini ijayo. Ile nguzo yangu ya gotini, ramani ya inchi 25 inaweka B.P. hatua arobaini mashariki ya ilipo, na pale mashariki kuna kijito kidogo kinachopita chini ya barabara kwenye karavati, na ukingo wa barabara umepanuliwa kwa kifusi. Nilishuka kwenye kijito Januari, maji ya vifundoni. Upande wa kulia, kwenye ukuta wa karavati, kuna jiwe limeachwa tundu la mraba, nikalipima, nikarudi kupima mguu wa nguzo unapoingia udongoni. Vipimo vinafanana. Nimetuma vyote mkoani, na picha kumi na moja.